Nyuki wa Damas

Pelagia alikuwa uani akitwanga mtama, Jumanne moja ya mwaka 1938, Damas mumewe aliporudi kutoka porini na vibuyu vitupu. Nyuki wa mizinga yake yote kumi na minne walikuwa wamehama na kumfuata nyumbani. Walitua mbele ya suruali yake ya kaki, ile aliyorudi nayo kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaanza kujenga masega. Hawakumchoma.

"Kaa huko huko uani," alisema Josepha, mama yake Damas. "Usituletee wadudu ndani."

Warina asali wa pande za Bukene husema nyuki huhama mke akitoka nje ya ndoa. Pelagia hakuwa ametoka. Tangu Damas arudi kutoka Tanga, mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na alikuwa na vidonda mahali ambapo mke hapataji mbele ya mume. Hakuweza kuketi wala kusimama kwa raha. Yoramu, dresa wa zahanati, alimwambia ni kaswende.

"Njoo na mumeo. Nikikuchoma sindano peke yako, ukirudi kwake nayo itarudi."

Neno kama hilo hupitishwa kwa mama mkwe. Pelagia alilipitisha.

"Mwanangu nilimpokea stesheni mwenyewe," alijibu Josepha. "Alikuwa amenenepa."

"Na nyuki, mama?"

"Nyuki wanajua mwenye nyumba ni nani."

Jumapili kanisani Damas alipewa benchi la nyuma, karibu na dirisha. Watu walipoinama kusali, mvumo ulifika hadi altareni. Jumatatu wazee wa ukoo walikaa. Walimtazama Damas, miguu ameitanua, asali ikimtiririka magotini, wakakubaliana Pelagia arudishwe kwao. Josepha alikinga kibuyu kwenye suruali ya mwanawe mpaka kikajaa, akampa Pelagia ampelekee baba yake, kwa kuwa mtu harudishwi kwao mikono mitupu.

Kila Alhamisi Pelagia alitoka kwa baba yake kwenda kuchomwa sindano. Vidonda vilianza kufunga. Baada ya mavuno Damas alioa Marcelina, binti wa kijiji cha Lusu. Nyuki walijisogeza wakampa nafasi kitandani.

Alhamisi moja Marcelina aliingia zahanati, akitembea polepole.

"Mumeo yuko wapi?" aliuliza Yoramu.

"Hawezi kuja. Ana nyuki."

Yoramu aliandika hivyo hivyo. Pelagia alisogea kwenye benchi, akampa nafasi.