Krimu au Buluu

Mteja akisimama mbele yangu ameshika kiuno kabla sijafungua kopo la rangi, najua siku imeshaharibika. Mteja wa siku hiyo, binti mmoja, alikuwa ameamua: chumba cha mama yake kipakwe krimu, ile yenye umanjano kidogo, kiwe na mwanga. Kilikuwa chumba cha nyuma, mama anahamia humo wiki hiyo awe karibu na bafu, maana mwezi uliopita alianguka mlangoni. Mwenyewe alisema aliteleza.

"Ukianguka tena, mama, nakuchukua kwangu. Sitaki mjadala," binti alimwambia mbele yangu.

"Kwako ghorofa ya nne! Nikakae kule kama mzigo? Hapa natoka kwa miguu yangu mwenyewe."

Nikafungua makopo mawili. Ya familia hayanihusu, mimi nina brashi.

Lakini nina mtindo wangu, na siuachi kwa kubembelezwa: napaka kwanza viraka viwili ukutani, na atakayelala humo ndiye anachagua. Kushoto kwa mlango nikapaka krimu, kuzunguka swichi nyeupe ya taa. Kulia, kuzunguka swichi ya feni, nyeupe vilevile, buluu iliyokoza, ile ya baridi, karibu na nyeusi.

"Buluu gani hiyo, fundi?" binti akafoka. "Mama alale pangoni? Mtu mzima unamlaza gizani!"

"Sichagui mimi."

Vilipokauka, mama akaingia, akasimama katikati ya chumba. "Krimu nzuri," akasema, haraka mno.

Bintiye akanitazama kwa ushindi. "Umesikia? Haya mama, washa taa tuione vizuri."

Mama akaenda moja kwa moja kwenye buluu, akabonyeza. Feni ikaanza kuzunguka.

"Ala! Taa iko huku, mama. Kwenye krimu."

Mama akageuka. Akapapasa ukuta, juu, chini. Swichi nyeupe ilikuwa pale pale, kiganja kimoja tu kutoka kwenye vidole vyake.

"Kuna swichi hapa?" akauliza.

Nimepaka nyumba nyingi na sina machozi ya bure, lakini pale niliona aibu kuwepo.

"Na siku ile ulipoanguka?" binti akauliza taratibu.

"Mlango mweupe, ukuta mweupe. Sikujua mlango unaanzia wapi." Mama akakaa kwenye kitanda nilichokifunika kwa plastiki. "Basi, umeshajua. Nifungie mizigo yangu."

Binti akasimama mbele ya viraka, akafinya macho mpaka yakabaki mstari, kama anayejaribu kuona anavyoona mama yake, akatazama kimoja, akatazama cha pili. Kisha akajipangusa uso kwa kiganja.

"Fundi, paka buluu. Na sebuleni. Na koridoni. Milango yote na swichi zote ziwe nyeupe."

"Na krimu?"

"Makopo ambayo hujafungua yarudishe dukani. Mama haendi popote."