Maharage ya Babu

Mjukuu wangu alinivutia kiti, akanifunga aproni kama mtoto, kisha akaweka mezani visahani vitatu vya maharage.

"Onja, Bibi. Ukiyajua ya Babu, niambie."

Mume wangu alikuwa fundi wa mradi wa maharage wa chuo kikuu hiki, tangu mradi ulipokuwa banda moja na profesa mmoja mwenye kofia. Kila asubuhi alifungua maua machanga kwa kibano, akaondoa chavua yake, akapaka ya mmea mwingine, kisha akafunga uzi wa alama. Mengi yalianguka. Yaliyoshika yalitoa mbegu, zikapandwa, zikachaguliwa, zikapandwa tena, mpaka yeye na profesa wakaota mvi. Mwisho yakapatikana maharage madogo mekundu yasiyoshikwa na ugonjwa wa kutu ya majani. Nyumbani tuliyala mpaka watoto wakanuna. Walipokuja maprofesa wengine na maharage yao makubwa ya kung'aa, yale yetu yakawekwa kwenye friji ya mbegu, yakasahaulika.

Sasa kutu imerudi, na mjukuu wangu anayataka ili ayachanganye na hayo makubwa. Lakini friji ilivuja, wino ukafutika kwenye mifuko mitatu, na mmoja tu ndio wa Babu. Yote madogo, yote mekundu, pacha watupu. Asipopanda wiki hii, maua ya pande mbili hayatakutana, na mwaka wake wa masomo umekwenda na maji. Tena kwenye nyumba ya vioo ya kuoteshea mimea amebakiwa na nafasi ya aina moja tu. Alikuwa amethubutu kumpa mpishi konzi moja ya kila mfuko apike. Mbegu zilizobaki ni za kupanda.

Nikaonja cha kwanza. Nikanywa maji. Nikaonja cha pili, cha tatu, nikarudi cha kwanza. Vyote laini, vyote na ladha ileile ya kuteleza ulimini, ambayo sikuikumbuka hata kidogo. Nikadhani uzee umenila ulimi. Au labda mume wangu ndiye niliyekuwa nikimwonja miaka yote ile, si maharage?

"Bibi, vipi?"

"Subiri, mwanangu. Yananichanganya."

Mwenzake wa maabara, wanayemwita Mlingoti kwa urefu wake, akacheka. "Mwache Bibi ashibe kwanza! Huo si mtihani, ni chakula cha mchana."

"Wewe nyamaza, vyungu vyako vimejaa nyumba nzima ya vioo," mjukuu wangu akamjibu.

Ndipo mpishi wa maabara, mama mmoja mnene mpole, akaja na kunitazama nikitafuna. "Hayakusumbui meno, Bibi? Maharage ya ghalani huwa magumu kama kokoto. Nikakuonea huruma, nikatia magadi kidogo."

Mlingoti akaacha kucheka.

"Yote matatu?" mjukuu wangu akauliza.

"Yote, mama. Ningependelea vipi sahani moja?"

Mjukuu wangu akafunika uso kwa viganja. Mpishi akatutazama mmoja mmoja, hajui alilokosea, mpaka Mlingoti alipomweleza taratibu kwamba magadi hula ladha. Machozi yakamlengalenga. Nikamshika mkono. Tangu nimzike mume wangu, nani mwingine amewahi kuyafikiria meno yangu?

"Basi, Bibi," mjukuu wangu akasema, akivuta kamasi. "Moyo wako unasema ni yapi?"

Ningeweza kuonyesha kidole sahani yoyote, naye angefurahi. Lakini angepanda uongo wangu.

"Moyo wangu unasema magadi, mwanangu. Sijui."

Akacheka huku analia. Mlingoti akatoka. Tukamsikia akiburuta vyungu, na tulipomfuata tukamkuta akivitoa vyake kwenye nyumba ya vioo, anavipanga uani.

"Jua litaichoma mimea yako," mjukuu wangu akamwambia.

"Itajikaza. Panda yote, atakayeshinda kutu ndiye babu yako."

Tukapanda mifuko yote mitatu, kila mmoja kwenye vyungu vyake. Mpishi alibeba udongo, mimi nikapewa kopo la maji. Nikasimama mbele ya vyungu vile, sijui mume wangu yuko katika kipi, nikavimwagilia vyote sawasawa.