Noti ya Tano Inakufa

Kaka mtu aliitua amplifaya ya mazoezi juu ya meza ya fundi bila salamu, akaisukuma kando redio ya mteja kwa kiwiko.

“Hii takataka yako inanikata sauti,” alisema. “Noti ikianza tu kunoga, inakufa. Mwezi uliopita uliitengeneza au uliilaani?”

Fundi alikuwa mdogo wake wa kufuatana, tumbo moja, ziwa moja. Alishamzoea. Baba yao alinunua gitaa moja tu, na mkubwa ndiye aliyelishika. Mdogo akiligusa alichapwa vidole kwa rula, na aliyechapa hakuwa baba. Hata siku ya harusi ya fundi, kaka huyu alisimama mbele ya wakwe akasema bwana harusi kajaliwa vidole vya kushikia bisibisi tu. Watu walicheka mpaka machozi, na bibi harusi naye akacheka. Wapo wanaosema yaliyopita si ndwele. Hao hawajawahi kuchekwa.

Jumamosi hiyo, saa kumi jioni, kaka mtu alikuwa anakwenda kupimwa. Miaka kumi na tisa alikuwa amepiga gitaa la rithim katika bendi, akiwasindikiza wengine. Sasa mpiga solo ameondoka, na kiongozi wa bendi amekubali kumsikiliza. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mgeni ambaye tayari ameitwa, na yeye kwa umri wake hataipata tena.

Fundi alifungua mfuniko wa nyuma, akapima, akagonga hapa na pale. Hakuna kilicholegea. Akatazama kitufe cha geti, kile kinachofunga sauti ikishuka chini ya kiwango, ili mvumo wa umeme usisikike mpigaji akinyamaza. Kilikuwa pale pale alipokiacha.

“Hebu piga,” alisema.

Kaka mtu akalitoa gitaa begani, akalichomeka, akapiga. Noti nne zikatoka safi. Ya tano, ya kidole cha pete, ikalia kidogo ikakatika.

“Umesikia? Geti lako hilo.”

Fundi alikuwa haisikilizi amplifaya tena, alikuwa anautazama mkono. Kile kidole kilikuwa kinaulalia uzi tu, hakiukandamizi. Uzi usiposhikwa sawasawa sauti yake haidumu, na ikishafifia, geti linafunga. Ndiyo kazi yake.

Kaka mtu akaegemea meza, akiwasema mafundi wa siku hizi, na mkono wake wa kushoto ukatua kwenye chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya. Kilikuwa cha moto. Kidole cha pete kilikilalia chote. Fundi alifungua mdomo amwonye, kisha akaufunga, akahesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu. Kaka mtu bado anaponda mafundi. Nne. Tano. Ni harufu ndiyo iliyomshtua.

“Nini kinaungua?” Akakiangalia kidole, akakifuta kwenye suruali. “Wala hakiumi. Sugu za gitaa hizi, bwana mdogo. Ungekuwa wewe ungeshalia.”

Fundi alijua si sugu. Mama yao alianza hivyo hivyo, ganzi kidole kimoja, kisha mkono mzima, na daktari aliwaambia wangemwahi angepona. Maneno mawili tu yangetosha: nenda hospitali. Hakuyasema.

“Ni geti, kaka,” alisema. “Kosa langu.”

Akalishusha geti mpaka mwisho, akapandisha nguvu ya sauti mpaka amplifaya ikavuma yenyewe, hata noti dhaifu ikawa inaning’inia. Kaka mtu akapiga, na zote tano zikadumu. Fundi akamvika kilemba cha ukoka: leo watakukoma, hakuna wa kukushika. Mwishowe akasema atakwenda kumsikiliza.

Kaka mtu akaizima amplifaya. Katika miaka kumi na tisa mdogo wake hakuwahi kuja.

“Basi ukae mbele,” alisema.

Ukumbini alichomeka gitaa kwenye amplifaya ya bendi, kubwa, yenye sauti safi isiyosamehe mtu. Solo ikaanza vizuri, kisha noti ya tano ikafa. Akarudia, ikafa. Mara ya tatu mpiga ngoma akainamia viatu vyake. Fundi, kiti cha mbele, alikuwa ameisubiri siku hii tangu enzi za rula, na tusidanganyane, ilikuwa tamu.

Kiongozi wa bendi akainua mkono, lakini kaka mtu akamwahi. Wala hakuwa na haya.

“Subiri kidogo, mkubwa, mashine yenu ina tatizo. Leo asubuhi yangu ilikuwa hivi hivi.” Akawageukia wenzake, akitabasamu. “Bahati nzuri nimekuja na mdogo wangu. Mji huu hakuna fundi kama yeye, muulizeni yeyote. Njoo uitazame na hii, mdogo wangu. Mimi namwamini huyu peke yake.”

Hayo hakuwahi kuyasema, si nyumbani wala mbele za watu.

Fundi akapanda jukwaani. Akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu za amplifaya isiyo na kosa lolote, moja baada ya nyingine, taratibu. Kaka mtu alisimama juu yake, ameshika gitaa, anasubiri. Kiongozi wa bendi alikwenda mlangoni akamwambia yule mgeni aingie.