Nguruwe wa Maku

Kwa maneno ya Nengeme, jirani wa ng'ambo ya mtaro, Maku alionekana alfajiri ameinama juu ya kaburi la shemasi Pupu, anakula. Anakula nini, Nengeme hasemi. Anajifuta mdomo tu, kama aliyeonja yeye. Mwanzoni aliona mgongo. Baadaye akaona na mikono. Hadi makanisa ya Kibaptisti ya bonde zima yalipokuja kwenye mkutano wao wa mwaka, hadithi ilikuwa imeota meno: Maku ndiye aliyemuua Pupu kwa uchawi.

Lapyo, binti wa Maku, alijua mama yake alikwenda kung'oa magugu kaburini. Pupu ndiye aliyemshika mkono Maku akitoka majini siku ya ubatizo wake. Lakini nani amsikilize binti wa mchawi? Mwaka jana nyuma ya mlima walimfunga mwanamke juu ya matairi, na waliowasha moto, Jumapili iliyofuata walikuwa wakiimba kwaya.

Kilichobaki ni neno la mwenyekiti wa muungano wa makanisa. Akitamka mbele ya makanisa yote kwamba mtu hana hatia, hata vijana wa mapanga wanaosaka wachawi hurudi nyuma.

"Tukienda mikono mitupu watasema tunajificha," Lapyo alisema. "Tumpeleke nguruwe kwenye karamu, kama nyumba nyingine."

"Ndiye huyu tu tuliyebaki naye, mwanangu."

"Ndiyo maana watatuamini."

Wakamwongoza kwa kamba ya mguu. Uwanjani kila kanisa lilikuwa na safu yake ya vigingi vya kufungia nguruwe, na vya kanisa lao vilikuwa vimejaa. Kimoja kilikuwa wazi upande wa pili. Lapyo alikuwa na haraka ya kumwona mwenyekiti. Akafunga kamba hapo, akanyoosha mgongo. Ndipo alipoona nyuso zilizokaa nyuma ya kigingi, zimepakwa udongo wa msiba. Ndugu za Pupu.

Watu waligeuka kutazama, wa karibu kwanza, kisha wa mbali.

"Haya," akasema kaka mkubwa wa marehemu. "Amelipa."

"Huyu wa karamu, baba! Wa kanisa!"

"Nguruwe akifungwa mbele ya wafiwa ni fidia, binti. Hata kuku wako anajua."

Baadhi wakacheka.

"Mimi niliambiwa nina macho mabovu," Nengeme alisema kwa sauti. "Haya, asiyeua hulipa?"

Lapyo akaifungua kamba. Mkono wa kijana mmoja ukaifunga tena, taratibu, bila kumtazama.

Akakimbia hadi kwenye mashimo ya mawe ya moto ya kupikia karamu. Mchungaji Tindiwi, mwenyekiti, alikuwa anapanga majani ya ndizi. Mkewe ni wa ukoo wa Pupu.

"Baba mchungaji, nimekosea kigingi. Mimi, si mama. Njoo useme."

"Nimesikia, mwanangu."

"Basi usiseme. Mama ana kiazi cha kuchoma katika mfuko wake wa kamba. Kipokee mkononi mwake, ukile, watu wakuone. Chakula cha mchawi hakiliwi. Ukila, yamekwisha."

Tindiwi akalaza jani moja, akalaza lingine juu yake. Nyuma yao kwaya ilikuwa imeanza kuimba, na vijana wa mapanga hawakuwamo.

Maku alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja. Kiazi alikuwa amekwisha kukitoa. Alikinyoosha kuelekea kwenye moshi wa mashimo, alikokuwa mchungaji.

"Kidogo tu, baba," Lapyo alisema. "Umege hata ganda."