Komeo la Nje

Barua ilisema mtoto ni mzembe. Ilisema hivyo kwa mhuri na sahihi mbili, na fundi cherehani aliisoma mara tatu mguu ukiwa bado kwenye kanyagio la mashine. Binti yake alikuwa amechelewa kurudi darasani baada ya mapumziko mara ishirini. Adhabu yake ni kusimamishwa masomo mwezi mzima, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki mbili. Aliyesimamishwa hafanyi mtihani. Mzazi afike kesho asubuhi mbele ya kamati ya nidhamu.

Jioni ile alimkalia mtoto kooni. Unazurura wapi? Na nani? Mtoto akaangalia vidole vyake vya miguu, akasema, "Nakuwa chooni, mama." Mama akamwambia asimfanye mjinga. Chooni mara ishirini, tena kila mara kengele ikilia? Akamwambia na maneno mengine ambayo sitayarudia hapa, maana mwenyewe aliyajutia kabla ya saa sita ya kesho yake.

Kesho yake akafika na mkoba wake wa kazi begani: futi, mkasi, chaki, na ile bisibisi ya kufungulia cherehani. Ofisini walikuwepo watu watatu nyuma ya meza: mwalimu mkuu, mwenyekiti wa wazazi aliyekuwa na usingizi wake, na mwalimu wa nidhamu, mwanamke mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Kengele. Walimwita hivyo kwa sababu kengele ikilia yeye huwa ameshafika mlangoni na daftari la wachelewaji, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Binti alisimamishwa pembeni, mikono nyuma. Juu ya kichwa chake, ukutani, kulikuwa na maandishi makubwa ya bluu: TAMBUA TATIZO, TATUA TATIZO.

"Tatizo hili tumelichunguza kwa kina," alianza mwalimu mkuu. "Vikao vitatu, mama. Tumegundua ni kukosa kujitambua."

Vikao vitatu, jamani. Chai imenyweka, kalamu zimeisha wino, na ugunduzi wenyewe ndio huo.

Kengele akafungua daftari. Lilikuwa na safu tatu: jina, dakika, sababu. Chini ya sababu, kuanzia juu ya ukurasa mpaka chini, mwandiko wake mzuri ulikuwa umeandika neno moja tu. Uzembe, uzembe, uzembe. Wote wasichana.

"Mliwauliza?" akauliza fundi.

"Uzembe hauulizwi, mama. Unaonekana," akajibu Kengele.

Barua ya kumsimamisha mtoto ilikuwa mezani tayari, inasubiri sahihi ya mzazi. Fundi akaomba kwanza aende haja. Hakuwa na hila yoyote. Alikuwa ametembea mwendo mrefu na chai ya asubuhi ilimbana. Mwalimu mkuu akasema choo cha walimu kimefungwa, funguo anazo karani, na karani ametoka tangu asubuhi. Atumie tu vya wanafunzi.

Hapo ndipo binti alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Mama, nije nikushikie?"

"Unishikie nini?"

"Mlango."

Wale watatu hata hawakugeuza shingo. Walilisikia neno likapita kama mtu amekohoa. Mama ndiye lililomkaa akilini, akatoka naye.

Vyoo vya wasichana vilikuwa nyuma ya maktaba, vinne, milango ya mbao iliyopakwa rangi ya kijani. Kila mlango ulikuwa na komeo zuri la chuma, nene, linateleza vizuri. Kwa nje. Fundi akaingia, akavuta mlango, akapapasa mbao kwa ndani. Akakuta vitundu vitupu vya skrubu tu. Alipouachia, mlango ukafunguka wenyewe mpaka ukutani, na yeye akabaki anatazamana na uwanja mzima.

"Mwaka jana watu wa mtaani walikuwa wanavitumia wikendi," akaeleza binti. "Ndiyo wakasema vifungwe kwa kufuli. Makomeo yalikuwa ndani, wakayahamishia nje."

"Na ninyi mjifungie na nini?"

"Tunashikiana. Ila wadogo wa kidato cha kwanza hawana nguvu, wavulana wanapita wanauvuta. Au wanafunga kwa nje. Kuna mmoja alifungiwa vipindi viwili. Wengine sasa hawanywi maji tangu asubuhi, wanaumwa matumbo. Kwa hiyo mimi nawashikia, wote, mpaka wa mwisho. Kengele ikilia na bado yumo ndani, nimwache?"

Fundi akamgeukia. "Mbona hukusema?"

"Tuliandika, tukatia kwenye sanduku la maoni. Ufunguo wa sanduku umepotea. Na jana nilikwambia, mama."

Hilo lilimchoma. Kweli aliambiwa, kwa maneno matatu, na yeye akajifanya hakimu. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekukosea."

Binti akamshikia mlango mpaka akamaliza. Kengele ya mapumziko ililia wakati wanarudi ofisini. Hakuketi. "Mwalimu wa nidhamu," akasema, "naomba unisindikize chooni."

Kengele akataka kukataa, lakini na yeye alikuwa amekunywa chai ya kikao, na karani alikuwa hajarudi. Tusifichane, alikuwa anabana. Akatoka na daftari lake kwapani, mwalimu mkuu akafuata nyuma akiuliza kuna nini.

Foleni ya wasichana ilishafika kona ya maktaba. Walipomwona Kengele wakataka kumpisha. "Hapana," akasema fundi, "mwalimu amekuja kuchunguza kwa kina. Apange foleni kama ninyi." Kengele akapanga. Dakika kumi na tano za mapumziko ziliyeyuka huku wasichana wakiingia mmoja mmoja, kila mmoja na mwenzake nje ameukumbatia mlango. Zamu yake ilipofika akampa binti daftari, akaingia, akageuka, akapapasa mbao kwa ndani kama fundi alivyopapasa. Akachungulia.

"Ingia tu, mwalimu. Nitakushikia," akasema fundi.

Na kengele ikalia.

Wasichana wakatimka. Uwanjani wakabaki mwalimu mkuu akitazama saa, binti na daftari, na fundi na mlango wake.

"Mwalimu, kengele hiyo," akasema fundi. "Niuachie?"

Sauti ile iliyozoea kuamuru ikatoka ndani, ndogo kabisa. "Usiuachie, mama. Nakuomba."

"Hata binti yangu huombwa hivyohivyo."

Kengele alipotoka, fundi alikuwa ameshatoa bisibisi. Mwalimu mkuu akanyoosha mkono. "Mama, hii ni mali ya shule. Tutaliweka kwenye ajenda ya kikao kijacho. Na wikendi, watu wa mtaani wakiingia?"

"Fungeni geti," akasema fundi, akaanza kufungua skrubu.

Mwalimu mkuu akamgeukia Kengele amsaidie kukemea. Kengele alikuwa ameinama anakusanya skrubu kwenye kiganja chake. Vitundu vya zamani vilikuwepo palepale kwa ndani, kwa hiyo kazi ilikuwa ni kurudisha tu. Makomeo manne yalikamilika kabla kipindi hakijaisha. Uzembe wa mwaka mzima uliisha kwa bisibisi ya cherehani.

Walirudi ofisini. Barua ilikuwa bado mezani, na mwenyekiti wa wazazi alikuwa bado kitini, sasa amelala kabisa. "Basi mama, nenda tu, tutalishughulikia," akasema mwalimu mkuu. Fundi akavuta kiti akakaa. Alishashughulikiwa vya kutosha.

Kengele akafungua daftari, akashika kalamu. Akaandika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa chini, akaandika dakika arobaini, na kwenye sababu akaandika: mlango. Kisha akarudi juu ya ukurasa wa kwanza, akaanza kufuta uzembe mmoja baada ya mwingine na kuandika hilohilo juu yake. Kurasa zilikuwa nyingi. Fundi alikaa palepale na mkoba wake mapajani, binti yake pembeni, mpaka uzembe wa mwisho ulipofutwa. Kisha akaichukua ile barua isiyo na sahihi, akaikata vipande vinne kwa mkasi wake, akamwambia binti arudi darasani.