Koti la Lubugo

Hii ukiisoma utasema imetungwa, na ukibisha hakuna atakayekulaumu, maana hata waliokuwepo Rubya siku ile wakiisimulia wanaishia kutikisa kichwa. Mwanaume alienda kuposa, akavuliwa koti na bibi wa mchumba wake mbele ya ukoo mzima, akabaki na singlendi. Na hapo mambo yalikuwa bado hayajaanza.

Koti lenyewe alilishona dada yake, Evelyne, kwa hiyo tuanze na huyo.

Evelyne ni fundi cherehani pale Rwamishenye, Bukoba mjini. Sketi za wanafunzi na sare za kwaya ndizo zinamlisha, ila roho yake iko kwenye simu. Mteja akichelewa kidogo tu, yeye keshazama kwenye video za watu wanaotia nakshi nguo zao huko duniani. Anajua kwamba Mali kuna watu wanachora vitambaa kwa matope ya mtoni, na matope yale hayatoki ukifua. Anajua wakulima maskini wa Japani zamani walikuwa wanapiga viraka kwa vimistari vya uzi mweupe, vinajipanga kama mawimbi, mpaka kiraka kinapendeza kuliko nguo. Anajua na imigongo ya Wanyarwanda, hapo tu ng'ambo ya mto Kagera, ile michoro ya pembe na mizunguko inayofinyangwa kwa kinyesi cha ng'ombe halafu inapakwa rangi. Siku alipomwonyesha mama yake, Magdalena, mama alitazama akasema kinyesi cha ng'ombe hata yeye anacho, na anakipeleka kwenye migomba ambako kinaonekana kazi yake.

Basi kaka yake Evelyne, Derick, akampata Annastella, binti wa Rubya kule Muleba, mwalimu wa watoto wadogo, mtu wa kucheka taratibu. Wakapendana mpaka ikabidi wazee waambiwe. Mzee Protase Mushumbusi akafanywa mshenga. Alienda Rubya, akarudi na habari njema: ukoo umekubali kuwapokea, waje na pombe ya ndizi, jembe, mbuzi, blanketi la bibi, na lubugo. Hapo kwenye lubugo akarudia. Alisema bibi wa binti, Ma Kokwijuka, aliitaja mwenyewe, na aliitaja mara mbili.

Lubugo ni ile nguo ya gamba la mti wa mutoma. Gamba linabanduliwa, linalowekwa, linagongwa kwa nyundo ya mti yenye mifereji mpaka linatanuka na kuwa laini, rangi yake kama udongo baada ya mvua. Zamani watu waliivaa kila siku, machifu kwa watu wa kawaida. Siku hizi ukiiona, ujue kuna msiba, marehemu anafungwa nayo kabla ya kuwekwa kwenye jeneza. Hata kwenye mahari familia nyingi za mjini zimeshaisahau.

Anayeitengeneza bado yupo, Ta Gozbert wa Nyanga. Magdalena akaenda, akapata moja nzuri, pana, haina tundu. Akaileta nyumbani na kumkabidhi Evelyne aikunje vizuri.

Evelyne aliikunjua. Hapo ndipo shetani wa simu alipomkamata. Aliipapasa, akaona jinsi nyundo ya Ta Gozbert ilivyoacha mistari midogo kila mahali, akaona ni kitambaa ambacho dunia nzima ingekililia, na kinaenda kuwekwa sandukuni kwa bibi mmoja Rubya. Akamwita Derick. Akamwambia, kaka, wenzetu Waganda wanashona makoti na lubugo na wanapanda nayo jukwaani, wewe unataka kwenda ukweni na suti kama karani wa benki? Derick alisita kidogo. Alimuuliza lubugo ya bibi itatoka wapi. Evelyne akasema Ta Gozbert atatoa nyingine, muda upo.

Akakata.

Alishona koti kwa moyo wake wote. Kwenye kola akachora pembetatu za Mali kwa rangi nyeusi. Mikononi akaweka mizunguko ya imigongo. Mgongoni, mgongo mzima, akapitisha kwa mkono mawimbi ya Wajapani kwa uzi mweupe. Mbele vifungo vya pembe ya ng'ombe. Derick alipolivaa, hata mama yake aliyekuwa amenuna kwa sababu ya lubugo kukatwa alimzunguka halafu akasema, haya, lakini nyingine mkaitafute.

Nyingine haikupatikana. Mvua ya Bukoba ikaamua kunyesha inavyojua yenyewe, na gamba la mutoma bila jua halikauki, linaoza. Ta Gozbert aliwaambia wasubiri. Siku ya posa haikusubiri. Mzee Protase hakuambiwa, kila mtu akidhani mwenzake atamwambia. Kwenye gari, walipopita Muleba na kukunja kwenda Rubya, Derick akamnong'oneza dada yake kwamba blanketi ni zito na zuri, labda bibi atasahau. Evelyne akamjibu kwamba isitoshe, lubugo wanaenda nayo, si ipo mwilini. Wakacheka. Walicheka kwa sababu walikuwa hawajamwona Ma Kokwijuka.

Walipokelewa vizuri. Turubai limefungwa uani kati ya migomba, wanaume upande huu, wanawake upande ule, kahawa ya kutafuna ikapitishwa. Baba wa Annastella, Mzee Rutaihwa, mkulima mrefu mwenye sauti ya kanisani, alikuwa amekaa mbele. Aliliona koti, akakunja uso, ila akanyamaza kwa adabu. Halafu mlango ukafunguliwa, bibi akatolewa nje ameshikwa mkono, mdogo, amejitanda shuka la njano. Alitembeza macho kwa wageni mmoja mmoja mpaka akamfikia Derick. Akasimama.

Akauliza kwa Kihaya, kwa sauti ya kawaida kabisa, nani amefariki.

Wanawake wawili upande wa nyuma, ambao hawakuona vizuri, wakaanza kujifunga kanga kiunoni kama watu wanaojiandaa kulia. Mzee Rutaihwa akainuka. Alisema aliliona hilo koti tangu mwanzo na alikuwa anatafuta namna ya kulisema, sasa mama yake amemsaidia. Alisema hawezi kumtoa binti yake kwa mwanaume aliyekuja amevaa nguo ya kaburini, maana huyo ni kama ameshazikwa, na binti atakuwa mjane kabla hajapika hata chungu kimoja. Akawashukuru wageni kwa safari. Watu wa ukoo wakaanza kuguna kwamba ni kweli. Dirishani kwenye chumba cha ndani pazia lilitikisika, na Evelyne akajua Annastella amesikia yote.

Mzee Protase alijitahidi. Aliomba radhi, akakumbusha kwamba machifu wa nchi hii walivaa lubugo wakiwa hai na wakakaa nayo barazani.

"Chifu hakuitia vifungo," Ma Kokwijuka akasema.

Watu wakacheka kidogo, hata waliokasirika. Bibi hakucheka. Alikaa kwenye mkeka, akasema kabla wageni hawajaondoka aonyeshwe lubugo yake, kwa sababu aliomba lubugo, na kama wamekuja nayo basi angalau mmoja wao ana akili.

Mzee Protase akageuka kumtazama Derick. Derick akamtazama Evelyne. Magdalena akatazama chini. Evelyne aliona zamu imemfikia. Kama kuna mtu wa kuvunja hii ndoa, ni yeye na mkasi wake. Akainuka, akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya bibi.

"Bibi waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "lubugo yako ndiyo hiyo kaka yangu ameivaa. Niliikata mimi."

Halafu shangazi mmoja nyuma akasema, kumbe mkwe amekuja amevaa mahari, na uani pale kila mtu akalipuka kicheko isipokuwa watatu: Evelyne, Mzee Rutaihwa, na bibi mwenyewe.

Bibi akanyoosha mkono kwa Derick. "Vua. Ni yangu."

Derick akafungua vifungo kimoja kimoja. Kwa sababu lubugo ina joto, ndani hakuvaa shati, alivaa singlendi tu, na singlendi yenyewe ilikuwa na alama ya jiki ubavuni. Akakaa hivyo mbele ya wakwe, amejikumbatia mabega, na mashangazi wa Annastella wakawa wanasifia kwamba angalau amenenepa.

Ma Kokwijuka aliliweka koti mapajani. Macho yake hayana nguvu sana, kwa hiyo alilisoma kwa vidole. Alipita kwenye mistari ya nyundo, akasema hii ni kazi ya mtu anayejua. Kisha akafika kwenye uzi wa mgongoni, akauliza haya makovu ni nini. Evelyne akaeleza, mwanzoni kwa kusitasita, baadaye akajisahau, akatoa na simu kumwonyesha. Alieleza matope ya Mali yasiyotoka. Alieleza mizunguko ya Rwanda. Alipofika kwa Wajapani na viraka vyao, bibi akamsimamisha.

"Walikuwa maskini?"

"Maskini, Bibi. Walishona ili nguo isife."

Bibi akaanza kuongea, siyo kwa wageni, kwa watoto wake. Alisema mwaka jana walimzika Celina, rafiki yake tangu ubatizo. Watoto wa Celina wakaambiwa lubugo hazipatikani siku hizi, wakamvisha gauni la dukani lenye vitambaa vya wavuwavu shingoni. Yeye alimgusa pale shingoni na lilikuwa linawasha. Celina alikuwa hapendi kitu kinachowasha. Tangu siku hiyo, alisema, amewaambia wanawe lubugo, lubugo, na wao wanamjibu mama acha kuongelea mambo hayo. Ndiyo maana akaona aiombe kwenye mahari ya mjukuu, kwa sababu wageni hawawezi kumwambia anyamaze.

Mzee Rutaihwa akasugua uso kwa kiganja.

Na hapa ndipo utakapobisha. Ma Kokwijuka alisimama, akaachia shuka la njano likaanguka, akaingiza mkono mmoja kwenye koti, halafu mwingine. Likamfika magotini. Mikono ikameza vidole. Akatembea nalo uani, kutoka mwanzo wa turubai mpaka kwenye mgomba wa kwanza na kurudi, pole pole, mawimbi ya Wajapani yakicheza mgongoni kwake. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba.

"Ina joto," bibi akasema, kama mtu aliyeonja chakula. "Nimewafunga nayo watu wangapi, na sikuwahi kujua kwamba ina joto."

Akarudi kwa Evelyne. Akamwambia koti analichukua, ila ni kubwa, apunguze mabega na mikono, na apime sasa hivi.

Hapo Mzee Rutaihwa akashindwa kuvumilia. Katika boma lile hata mbao za jeneza haziguswi mtu akiwa anapumua. Bado wanamkumbuka ndugu yao mmoja aliyenunuliwa sanda akiwa anaumwa malaria tu, na haikuvuka wiki. Kumpima mtu hai nguo ya kaburini ni kuliita kaburi kwa jina. Akamwomba mama yake akae chini.

"Maiti hawezi kusema hapa pamenibana," mama yake akamjibu. "Mimi naweza." Kisha akamgeukia Evelyne. "Ukinipima, kaka yako anakubaliwa leo. Usiponipima, mvishe koti lake mrudi kwenu."

Alivuta ugwe wa mgomba mkavu kutoka kwenye nguzo ya turubai, akaurarua ukawa kamba nyembamba, akampa.

Mzee Rutaihwa alisogea mpaka karibu na Evelyne. Alisema taratibu, na ubaya ulikuwa kwenye ule utaratibu. "Binti, mama yangu akifa kabla ya hiyo harusi, sitauliza daktari. Nitajua ni mikono ya nani."

Mzee Protase alikuwa anachunguza viatu vyake. Magdalena aligoma kumtazama binti yake. Derick, na singlendi yake, alikuwa anatikisa kichwa kwamba pima, pima. Pale dirishani pazia lilikuwa limefunguliwa kabisa sasa, na Annastella alisimama hapo wazi, hacheki, hatikisi kichwa upande wowote. Anasubiri tu kama wengine.

Bibi akainua mikono pembeni, kama mtoto anayepimiwa sare ya shule.

Evelyne akaweka ugwe kwenye bega la kushoto, akauvuta mpaka la kulia, akafunga fundo. Bega lilikuwa dogo kuliko alivyotegemea, na lilikuwa na joto. Akashuka kwenye mkono, fundo. Akazunguka kifua, akamwuliza bibi kama panabana. Bibi akasema alegeze kidogo, huko anakokwenda hana haraka. Fundo. Walipomaliza, Mzee Rutaihwa alikuwa amewapa mgongo, anatazama migomba. Halafu, bila kugeuka, akasema wageni waletewe pombe, na binti aitwe atoke nje.

Harusi ni baada ya msimu wa kahawa, na kila asubuhi Mzee Rutaihwa anampigia Evelyne kumjulisha kwamba mama yake ameamka salama, halafu anakata bila kuaga. Wewe ungekuwa Evelyne, umepewa ule ugwe mkononi, ungempima?