Kifua Kilichozoea Moshi

Daktari alikishika kidole gumba cha mguu wa Cheche, akakiachia, akasema mishipa inaziba, kidole kinakufa kwa kukosa damu, na kinachoiziba ni sigara. Aache leo. Asipoacha watakata kidole, kisha unyayo, na kisu kikianza kupanda mguu hakina adabu. Cheche akaitikia kwa kichwa, kama watu wote wanavyoitikia hospitali. Kilichokuwa moyoni hakukisema, maana angeonekana mshamba: kwao karakana, anayeacha sigara hufa.

Ushahidi alikuwa nao. Kaka yake, ndiye aliyemfundisha kuchomelea vyuma, aliambiwa aache, akatangaza karakana nzima kwamba ameacha, akagawa hata kiberiti. Mvua zilizoanza siku hizo zilikuwa hazijakatika walipomzika. Tangu hapo pale karakana ikawa kama sheria. Fundi anameza moshi wa chuma kutwa. Maziwa ya asubuhi yanausukuma chini, sigara inauvuta juu, kikohozi cha alfajiri ndio ufagio. Ukiacha ghafla uchafu unaganda kifuani, unakuzika.

Kwa hiyo Cheche aliacha roho ikiwa juu. Wiki haijaisha, kikaja kikohozi asichokijua, cha kuvuta toka tumboni, na makohozi ya kahawia. Mkewe anafurahi, anasema sasa hata mto hauna harufu ya jiko. Yeye anajificha nyuma ya choo, anatema, halafu anainama kutazama alichotema. Kazini, akisikiliza kifua, akatoboa bati la geti la mteja. Mwenzake, wanamwita Koleo, akamwambia amechagua vibaya: mguu una mkongojo, kifua kina mkongojo gani? Wakacheka wote. Cheche naye akacheka, kisha akanunua sigara moja, akaitia mfukoni, akaondoka kabla ya muda.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa shemeji yake, mjane wa kaka. Alitaka jambo moja tu: kikohozi cha marehemu, baada ya kuacha, kilianzaje? Kama kinafanana na hiki, anaiwasha sigara palepale, na kidole kiende kinakotaka.

Shemeji alikuwa uani anakamua nguo. Alimsikiliza bila kugeuka, akamuuliza nani kamwambia kaka yake aliacha.

"Si yeye mwenyewe?"

"Shem, kaka yako hakuacha hata siku moja. Alikuwa anavutia bafuni, mimi nimesimama mlangoni namwaga maji ili watoto wadhani anaoga. Aliniapisha nisiseme. Keshajitangaza kwenu, aibu ikamkaba."

Cheche akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwanza ilimpanda hasira. Mtu mzima na ndevu zake, anaogeshwa uongo! Kisha hasira ikamtoka, kikabaki kitu kibaya zaidi. Kama kaka hakufa kwa kuacha, basi alikufa kwa hiki kilichomo mfukoni. Na kama ni hivyo, yule daktari hakuwa anatisha watu. Kidole kinakufa kweli, kinakufa sasa hivi, humu ndani ya buti.

"Na hiki kikohozi changu je?"

"Mimi nitajuaje? Daktari ulimwambia?"

Hakuwa amerudi kumwambia. Wala cha kikohozi, wala cha kaka.

"Vua buti nione."

Akavua. Shemeji akatazama, mikono ikasimama kukamua. Hawa wawili ni watu wa kutaniana, hakosi neno la kumchoma, lakini leo alionyesha tu kwa mkono. Weusi ulikuwa umehamia kidole cha pili. Cheche hakuwa ameuona. Siku zote hizi alikuwa bize na makohozi.

Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Shemeji akauona.

"Ukitaka kuvuta, bafu lile pale. Ila maji mimi simwagi tena."

Cheche hakunyanyuka. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na safari hii hakujua kabisa kama kifua kinaoza au kinapona. Alipopata pumzi akamwomba amsindikize hospitali kabla hawajafunga. Akamwomba na jingine: akimwona mbele ya daktari anaanza tena kuitikia kwa kichwa, amfinye mpaka aseme.

Shemeji akajifuta mikono, akaenda kutafuta kanga. Sigara ilibaki mfukoni. Cheche alikuwa bado anaiogopa, kuivuta na kuitupa pia.